Mimi, kompyuta na magemu (na ile kazi niliyoikataa)

Najua nimepotea, lakini aliyewahi kupita mwaka wa nne wa uhandisi wa kompyuta atanielewa: mradi wa mwisho, ripoti ya fildi, na bumu lenyewe linakuja kwa mwendo wa konokono. Tuyaache hayo.

Kila nikienda nyumbani naulizwa swali moja: "Hivi wewe hasa unasomea nini huko Dar?" Nikijibu kompyuta, naletewa simu iliyojaa niifungue. Nikisema nataka kutengeneza magemu, naambiwa, "Ahaa, yale ya kubeti!" Sasa leo nataka niandike jibu langu lote mara moja, kwa sababu mwezi huu swali hilo limegeuka kuwa la pesa. Mtanivumilia, ni refu kidogo.

Mimi ni mtoto wa Tanga, Ngamiani, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba. Kompyuta nyumbani hatukuwa nayo. Kilichokuwepo mtaani ni banda la gemu: TV tatu za chogo, PlayStation 2 tatu, feni moja na mabenchi. Mechi ilikuwa shilingi 200, anayefungwa ndiye anayelipa na kuachia pedi. Naongelea mwaka 2013, wakati Sony walikuwa wameshaacha kuzitengeneza hizo PS2, ila kwetu ndiyo kwanza zilikuwa zimepamba moto. Mia mbili yenyewe haikupatikana kila siku, nikawa msaidizi wa mwenye banda. Nafagia, naandika kwenye daftari nani kaanza saa ngapi, nasafisha lenzi kwa pamba na spiriti CD ikigoma kusoma. Mshahara wangu ulikuwa mechi mbili za bure jioni. Nilijiona tajiri!

Wenzangu walikuwa wanaangalia mpira. Mimi nilikuwa najiuliza yule kipa anajuaje aruke upande gani. Nani kamwambia? Nikawa nampiga shuti lile lile mara kumi kuona kama anabadilika, mpaka wenzangu wakaniona nimerukwa na akili. Nyumbani nako kulikuwa na Nokia ya tochi ya baba, yenye mchezo wa nyoka. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba mchezo ule uliandikwa na Mfini mmoja, Taneli Armanto, ukatoka na Nokia 6110 mwaka 1997. Hilo lilinikaa kichwani. Kumbe nyuma ya gemu kuna mtu, amekaa kwenye kiti, anaandika mstari kwa mstari.

Mwaka 2019 nilipomaliza kidato cha nne, ile miezi ya kusubiri matokeo na shule niliitumia kusoma lugha ya C kwenye simu, kitabu cha PDF chenye herufi kama sisimizi. Jioni nikawa naomba kukaa kwenye kompyuta ya jamaa mmoja wa stesheni anayechapa barua. Programu yangu ya kwanza yenye maana ilikuwa ya lile banda: unaandika namba ya TV, inahesabu dakika, muda ukiisha inapiga kelele. Mwenye banda akaweka daftari pembeni. Sijawahi kupata cheti kilichonifurahisha kama lile daftari kuwekwa pembeni.

Sasa nipo Kijitonyama, kwenye kampasi ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nikijipima kwa haki, najua C vizuri, Java ya kutosha, na Python ndiyo ya kila siku. Kuchora siwezi, mtu wangu akisimama anafanana na kiti. Magemu natengenezea Godot, injini ya bure ambayo tangu 2014 yeyote anaweza kuichukua, kuibadilisha na kuuza alichotengeneza bila kudaiwa chochote. Faili la kupakua halifiki hata MB 200, na kwenye laptopu yangu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inakwenda. Polepole, lakini inakwenda.

Mradi wangu wa mwisho ni bao. Ndiyo, bao lile lile la wazee. Wenzangu wengi wanafanya mifumo: mfumo wa zahanati, mfumo wa mahudhurio, mfumo wa maduka. Msimamizi wangu aliponisikia akaniuliza, "Hapo unatatua tatizo gani?" Swali la haki kabisa. Nikamwomba wiki mbili nimwonyeshe.

Tatizo ni hili. Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana mashimo yake 16, na kete anazisambaza kwenye upande wake tu, kwa kuzunguka. Kwenye kompyuta unaweza kuliweka kama namba 16 zilizopangwa duara, ukifika mwisho unarudi mwanzo. Mpaka hapo mtoto wa mwaka wa kwanza anaweza. Kazi inaanza kwenye sheria. Mwanzoni kila mtu ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na mpaka za mkononi ziishe mnacheza namua, ndipo mnaingia mtaji, na taratibu zinabadilika. Kuna nyumba, shimo lenye heshima zake: kete yako ya mwisho ikiishia pale wakati wa namua umekula, unachagua ulale au uende safari. Hayo yote lazima uyaandike, kwa sababu kompyuta haina aibu ya kuulizia na haina mzee wa kuikemea.

Halafu kuna jambo lililonikosesha usingizi. Kete moja inaweza kula, ikasambaza, ikala tena, na kuendelea. Nilipoiacha programu icheze yenyewe usiku, asubuhi nikaikuta kwenye mzunguko mmoja haujaisha. Kumbe ni jambo linalojulikana kwa waliolichunguza bao kikompyuta: kuna mizunguko isiyokwisha kabisa. Kwa hiyo lazima useme ukomo ni upi. Kuhusu kufikiri, natumia minimaksi, njia ambayo Claude Shannon aliieleza kwa ajili ya sataranji mwaka 1950: jaribu kila mchezo wangu, kisha jibu bora la mpinzani, kisha jibu langu, halafu chagua njia ambayo hata akijitahidi vipi sitaumia sana.

Msimamizi alipoona hayo akasema endelea. Nikamwongezea kwamba Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu yake ya mwaka 1995 juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar, akichunguza wanavyokumbuka na kupiga hesabu ndefu kichwani. Mtu katoka Ulaya kuja kuchunguza akili iliyoko kwenye baraza zetu, halafu mimi mtoto wa baraza nifanye mfumo wa mahudhurio? Hata kuhusu lugha hatuanzi leo. Mwaka 2004 watu wa chuo hiki hiki, kwenye mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Bao langu ni Kiswahili mwanzo mwisho. Hata likikosea halisemi "error", linasema "hapo huruhusiwi".

Likizo nililipeleka kwenye baraza la Ngamiani. Mzee mmoja akalifunga mara tano mfululizo huku anakunywa kahawa, wala hakuvua kofia. Mara ya sita akaniambia, "Kijana, huyu wako anajua kula, hajui kutunza nyumba." Nikakaa naye hadi magharibi nikiandika. Siku ya pili nikalibadilisha, likamsumbua kidogo. Akalifunga tena, teh teh teh! Ila safari hii alivua kofia.

Sasa njooni kwenye ile kazi. Mjomba wangu anamfahamu mtu kwenye kampuni moja ya kubeti, kampuni siitaji. Walitafuta kijana wa kutengeneza michezo ya simu, laki sita kwa mwezi, kazi ya jioni, unaendelea na chuo. Laki sita! Mdogo wangu anaingia kidato cha tano na orodha ya mahitaji yake ninayo hapa mezani. Nikaenda kusikiliza. Kazi yenyewe ilikuwa gurudumu la bahati. Hesabu yake wameshainunua mahali, mimi nilitakiwa kufanya rangi, sauti, na namna gurudumu linavyosimama. Walitaka lisimame mara nyingi hatua moja tu kabla ya zawadi kubwa, ili mtu aone alikaribia.

Nawaeleza hesabu yake, maana watu wengi wanafikiri kule ndani kuna bahati inayowawinda. Tuseme gurudumu limepangwa kurudisha shilingi 95 kwa kila 100. Inasikika ni haki, au siyo? Dogo anakuja na 10,000, anacheza kwa mia mia. Akifikisha raundi 1,000 amezungusha laki moja, na kwa wastani 5,000 yake imebaki kwa mwenye gurudumu. Raundi 2,000, kwa wastani elfu kumi yote imekwenda. Mzunguko mmoja ni sekunde tatu, hivyo raundi 1,000 hazifiki saa nzima. Na kule "kukaribia" hakupo. Jibu limeshachaguliwa kabla gurudumu halijaanza kuzunguka, kinachofuata ni mapambo. Mapambo hayo ndiyo niliyoitwa niyatengeneze.

Kwenye bao hakuna hata tone la bahati. Kete zote ziko wazi, ukifungwa umefungwa na akili, na kesho unarudi ukiwa bora kidogo. Hata kwenye banda la mia mbili, aliyefungwa sana mwaka huu ndiye bingwa wa mwaka ujao. Gurudumu linakuacha ulipokuwa, ila mfukoni umepungua. Kwa nje vyote viwili ni gemu, na kwa Kiingereza cha serikali neno "gaming" limeshachukuliwa na huko: sheria ya mwaka 2003 ya michezo ya kubahatisha inaitwa kwa neno hilo. Ndiyo maana watu wa nyumbani wakisikia gemu wanasikia kubeti. Siwalaumu.

Nikampigia mjomba. "Shikamoo mjomba. Ile kazi naomba niiache." Akanyamaza, akasema, "Marahaba. Njaa haijakukaa sawasawa." Labda. Simhukumu anayefanya kazi kule, kila mtu ana orodha yake mezani. Mimi nimeanza kufungua laptopu za watu hapa geto Sinza, kubadilisha hadi diski na kusafisha feni, na wiki hii nimetuma nyumbani elfu arobaini. Haifiki laki sita, hata hesabu ya vidole inajua.

Ndoto yangu nayo nisiifiche. Nataka bao liwe kwenye simu za bei ndogo, lisizidi MB 20, lichezeke bila bando, watu wawili kwa simu moja au wewe na mashine, na lifundishe sheria hatua kwa hatua kwa asiye na babu wa kumfundisha. Kisha magemu mengine. Wapo waliotangulia: Mkenya Wesley Kirinya aliyetengeneza gemu lake la Nyangi miaka ya 2000, na Kiro'o Games wa Kamerun waliotoa Aurion mwaka 2016. Hawakusubiri mtu awape ruhusa. Najua mchana nitafanya kazi ya mitandao kwenye ofisi ya mtu, na usiku ndiyo wangu. Sawa tu.

Jumatatu ijayo nautetea mradi mbele ya walimu watatu. Mzee wa baraza kaniagiza nikimaliza nimpelekee toleo jipya, anasema nyumba bado inamlegea yule wangu. Niombeeni, na mwenye hadi diski mbovu anitafute, bei yangu ni ya kiungwana.