Mlango Uliokwaruzwa na Mbwa

Mama zangu mnaofuga mbwa ndani, ukirudi kazini ukakuta amekwaruza mlango wa chumbani, usikimbilie fimbo. Angalia sakafu kwanza. Baadhi ya rangi, hasa za zamani, zina madini ya risasi, na mtoto anayetambaa huokota kila kitu akatia mdomoni. Risasi huharibu ubongo taratibu, bila homa. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, usifagie likiwa kavu. Fundi asipige msasa mtoto akiwa ndani. Kisha funika sehemu ya chini ya mlango kwa plastiki ngumu. Na mbwa? Mtembeze kabla hujaondoka, muachie kitu cha kutafuna. Mara nyingi si jeuri jamani, anaogopa kubaki peke yake.