Kujikwaa Ulimi Jukwaani

Wahenga walituambia kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Shuleni methali hii hutumiwa kuwaonya watoto wasiwe wasengenyaji. Mimi, ambaye utumishi wa serikali umenikalisha miaka mingi chini ya majukwaa nikisikiliza hotuba, naona kwamba inawahusu zaidi watu wanaokabidhiwa vipaza sauti. Dole likijikwaa huuma mguu mmoja. Ulimi wa kiongozi ukijikwaa huwauma hata watu ambao uwanjani hawakuwapo.

Lakini yafaa kwanza tuelewane, ndugu msomaji, ni kujikwaa kupi kunakozungumzwa hapa. Wako watu, na baadhi yao ni wasomi, ambao wakisikia kiongozi ametamka neno kwa lafudhi ya kwao hugongana viwiko na kucheka. Sisi wa Kiwira, na wa Rungwe yote, tumechekwa sana kwa jambo hili. Kinyakyusa hakina sauti ya r wala ya z, kwa hiyo mzee wa kwetu akisema "selikali" na "balabala" hajakosea kwa uzembe. Ametamka kwa ulimi aliolelewa nao. Nimewaona wasemaji kadhaa wakisimama sokoni Kiwira na kuahidi "balabala" kwa namna hiyo hiyo, na wakulima wa viazi na ndizi waliosimama katika matope hawakucheka hata kidogo. Walichotaka kujua ni lini balabala hiyo itafika. Hata anayechanganya ngeli, akasema "watu hizi", husamehewa kabla hajashuka jukwaani. Kiswahili cha nchi hii kimekuzwa na ndimi za makabila zaidi ya 100, na si haki kumwaibisha mtu kwa alama ya nyumbani kwao.

Kosa lisilosamehewa liko mahali pengine, na ajabu yake ni kwamba aghalabu sarufi yake haina dosari.

Tukumbuke mwezi wa Aprili 2008. Ilikuwa imetangazwa kwamba wachunguzi wa Uingereza waliokuwa wakifuatilia ununuzi wa rada wamekuta katika kisiwa cha Jersey akaunti yenye zaidi ya dola milioni 1 za Marekani, mali ya Ndugu Andrew Chenge, Waziri wa Miundombinu wa wakati ule, ambaye kabla ya hapo alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Alikana kwamba fedha hizo zilihusiana na rada. Lakini alipozizungumzia mbele ya waandishi wa habari, aliziita vijisenti. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amejiuzulu uwaziri.

Neno hili lina mizani nne, lakini mwalimu wa Kiswahili anaweza kulifundishia kipindi kizima. Senti yenyewe ndiyo sehemu ndogo kuliko zote ya shilingi. Juu ya udogo huo pamewekwa ki- ya udogo, ambayo katika wingi huwa vi-, na katikati pamepachikwa -ji-, kama tunavyosema kijitu au vijineno. Ni udogo uliopandishwa juu ya udogo. Wala udogo wa namna hii si tusi katika adabu ya Kiswahili. Mwenye nyumba humkaribisha mgeni katika "kijumba" chake hata kama kina vyumba sita. Hapa kwetu Mto Kiwira, ukifika katika eneo la Chuo cha Magereza, hudumbukia kwa ngurumo katika tundu la mwamba. Mahali hapo tunapaita Kijungu, yaani chungu kidogo, ingawa hakuna mwenye akili anayeusogelea ukingo wake bila hofu. Kupunguza kwa maneno ni ustaarabu, maadamu msemaji na msikilizaji wanatumia kipimo kimoja. Mgeni aliyekaribishwa kijumbani ataingia humo na kula humo. Fedha za Jersey zilizidi shilingi bilioni 1 kwa thamani ya wakati ule, na msikilizaji hakukaribishwa kuingia humo. Aliachwa nje akijiuliza: kama zile ni vijisenti, hizi za kwangu ziitweje?

Neno la pili ni dogo zaidi, lina mizani moja. Tarehe 20 Juni 2013 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuwa akijibu maswali ya papo kwa papo bungeni Dodoma, katika siku ambazo Arusha na Mtwara zilikuwa zimetoka kupata machafuko. Akasema kwamba mwenye kukaidi amri ya vyombo vya dola atapigwa tu, kwa kuwa wamechoka. Huyu ni mtu aliyejulikana kwa upole, aliyependa kujiita mtoto wa mkulima. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika walimfungulia shauri Mahakama Kuu, nalo likatupwa mwaka 2014. Mimi si mwanasheria, naliangalia neno. Liondoe "tu" ibaki "atapigwa": ni kauli kali, lakini bado mtu aweza kuuliza atapigwa na nani na kwa sheria ipi. Lirudishe, na mlango wa kuuliza umefungwa. Nayo ni "tu" ile ile ambayo midomoni mwa mwenyeji husema "kaa tu, karibu tu".

La Kigamboni nitalipitia haraka kwa kuwa linajulikana. Mwanzoni mwa 2012 nauli ya kivuko ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200, na Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, akawaambia walalamikaji kwamba asiyeweza kulipa apige mbizi. Mwezi wa Aprili 2016, akiwa Rais, alilifungua daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, akalipa jina la Nyerere. Daraja hilo limewafaa watu sana. Mbizi haikusahauliwa.

Maneno haya hayakutoka katika karatasi. Hilo halinishangazi, kwa sababu naijua kazi ya kuandikia wakubwa hotuba. Mtumishi huandika, huipeleka juu, hurudi imekatwa kwa wino mwekundu, huandika tena. Siku ikifika, mgeni rasmi husoma ukurasa mmoja, huikunja karatasi na kusema kwamba sasa anataka kusema yaliyo moyoni. Umati hupiga makofi. Sisi tulioandika hutazamana. Wala siwalaumu wapigao makofi, kwani hotuba zetu nyingi ni kavu kama maganda ya mahindi, nao wamesimama juani wakiungoja huo moyo. Kwa hiyo neno litokalo wakati huo hawalihesabu kuwa limeteleza. Wanaamini kwamba hapo ndipo walipomwona mtu mwenyewe. Si kila mara ni haki. Mtu aliyezongwa na maswali aweza kutamka asiloliamini. Ila mara nyingi, nijuavyo mimi, wananchi hawakosei.

Kinachoniuma zaidi kama mtunga mashairi ni hasara ya maneno yenyewe. Kabla ya 2008, mama anayeuza maparachichi Kiwira aliweza kufungua pindo la kanga na kusema kwamba anavyo vijisenti vyake vya sare za mtoto, na neno likamsitiri: ni chache, ni zake, na hataki kujisifu. Leo akilitamka, vijana wa bodaboda humwuliza kama amezitoa Jersey. Watu hucheka, naye hucheka. Ndugu Chenge alirudishwa bungeni na wapiga kura wa Bariadi mwaka 2010 na tena 2015. Neno halikurudishwa kwa wenyewe. Nilimsikia mama mmoja sokoni akizihesabu noti zake mbele ya mwenziwe na kulitafuta jina la kuziita. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hizi hapa," akazifunga tena.