Mmoja Anapaka, Mwenzake Analaza
Siku moja Crich, Uingereza, na somo la brashi kwa wenye gari la zamani

Wengi wetu tukisikia safari ya Uingereza tunawaza London tu: madaraja, ile saa kubwa na maduka ya Oxford Street. Sawa, London ina raha zake. Lakini kama wewe na mwenzi wako mnapenda vitu vya zamani, ongezeni siku moja mwende Crich, kijiji cha vilimani katika jimbo la Derbyshire. Kutoka London mnapanda treni mpaka Derby, mwendo wa saa moja na nusu hivi, halafu mnabadili treni ndogo inayofuata bonde la mto Derwent mpaka kituo cha Whatstandwell. Kutoka hapo ni mlima tu, kwa miguu. Kina dada, viatu virefu acheni hotelini!

Huko juu, ndani ya machimbo ya zamani ya mawe, ndiko yaliko makumbusho ya taifa ya tramu. Kwa asiyezijua, tramu ni basi la umeme linalopita juu ya reli katikati ya mtaa. Miji mingi ya Uingereza ilikuwa nazo, kisha ikazing'oa moja baada ya nyingine. Sheffield iliachana na zake mwaka 1960, Glasgow mwaka 1962. Wapenzi wa tramu hawakukubali zote ziishie kuwa chuma chakavu. Mwaka 1959 walipata eneo hili la Crich, na tangu 1964 tramu za umeme zinatembea tena hapa. Ukiingia unapewa peni ya zamani, na hiyo ndiyo nauli yako. Unapanda ghorofani, upepo unakupiga, mabonde ya kijani yanafunguka chini yako. Kwa wapenzi wawili, ni starehe ya bei poa kabisa.

Ila sisi hatukwenda kwa ajili ya upepo. Tulikwenda kuangalia rangi.

Nieleze kidogo. Baba mkwe alipofariki alituachia Land Rover Series III. Iko Moshi, chini ya mparachichi. Injini inawaka, chesisi nzima, lakini rangi imechoka mpaka alumini inachungulia. Mume wangu alitaka ipelekwe gereji ikapulizwe rangi, kazi iishe wiki hiyo hiyo. Mimi wasiwasi wangu ulikuwa mlango wa kushoto. Pale, miaka hiyo, fundi wa maandishi aliandika kwa mkono jina la mama mkwe, na mama mwenyewe yu hai. Kila asubuhi akifagia uwanja anapita mbele yake. Mafundi wawili tuliowauliza walisema kitu kimoja: wao wanasugua bodi nzima na kuipuliza upya. Jina? Litaandikwa jingine kwa stika. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Sasa simama karibu na tramu ya Sheffield, ile ya krimu na buluu, uitazame. Enzi zake gari kama hili lilipakwa kwa brashi, koti juu ya koti, likamaliziwa kwa vanishi. Hata magari madogo ya mwanzo yalipakwa hivyo hivyo, na kazi ilichukua wiki kadhaa. Mambo yalibadilika mwaka 1923, kampuni ya General Motors ilipotoa gari la Oakland lenye rangi ya Duco, inayopulizwa na kukauka haraka. Viwandani brashi ikaaga. Haikufa, lakini. Mpaka leo ule mstari mwembamba ubavuni mwa Rolls-Royce huchorwa kwa mkono, kwa brashi ya nywele za kindi. Kwa hiyo anayekwambia brashi ni ya kuta na mageti tu, mwambie akajifunze upya!

Siri iko kwenye kuchagua. Ukiwa na rangi nzuri na brashi mbovu, utapata mistari kama ya jembe shambani. Haya ndiyo ya kuangalia dukani:

Ncha. Brashi nzuri ya rangi ya mafuta hutengenezwa kwa nywele ngumu za nguruwe. Kila unywele unapasuka nchani na kugawanyika kama ufagio mdogo. Mipasuko hiyo ndiyo inayobeba rangi na kuacha alama ndogo zinazojifuta zenyewe. Tazama ncha kwenye mwanga: ikiwa imekatwa butu kama mswaki, irudishe. Nyuzi za plastiki zilizonolewa vizuri nazo zinafaa, na kwa rangi ya maji ndizo hasa zinazotakiwa, maana nywele za asili hunywa maji zikalegea.

Unene. Panua nywele uchungulie katikati. Brashi za bei chee huwa na kipande kinene cha mbao humo ndani, nywele zimezunguka pembeni tu. Hiyo haibebi rangi. Utachovya kila dakika.

Mrudisho. Ipinde juu ya kiganja, iachie. Irudi yenyewe. Ikibaki imelala ni laini mno, ikikuchoma ni ngumu mno.

Ukubwa. Inchi 2 na nusu au 3 kwa milango na ubavu, inchi 1 kwa kona, bawaba na kuzunguka maandishi. Mbili hizo zinatosha. Bora brashi mbili za maana kuliko sita za kutupa.

Brashi mpya haianzi na koti la mwisho. Hata iliyo bora hupukutisha nywele mwanzoni, kwa hiyo itumieni kwanza kwenye praima. Ikishazoea kazi ndiyo inafaa kwa koti la juu. Ndiyo maana wapaka rangi wa zamani hawakuazimisha brashi zao hovyo. Mkimaliza, iosheni kwa tapentaini, kisha kwa sabuni, muikaushe mkiwa mmeining'iniza. Kuisimamisha kwa nywele ndani ya kopo ni kuiua.

Na hapa ndipo mambo yanapowahusu ninyi wawili. Paneli kubwa inataka watu wawili. Mmoja anatangulia, anaweka rangi na kuisambaza juu-chini na kulia-kushoto. Mwenzake anamfuata na brashi karibu kavu, anapitisha ncha tu kutoka juu kwenda chini, anailaza. Lazima waende mwendo mmoja, kwa sababu rangi mpya inatakiwa ikutane na ukingo ambao bado ni mbichi. Anayetangulia akikimbia, ukingo unakauka na mshono unaonekana milele. Anayefuata akirudia-rudia, anaharibu kilichokwisha tulia. Ukishailaza, iache! Jamani, ni ndoa ngapi zingepona kwa kanuni hiyo moja?

Kwetu kuna joto, kwa hiyo pakeni asubuhi mapema, kivulini, bati likiwa la baridi, uwanja umenyunyiziwa maji kutuliza vumbi. Alumini inahitaji praima yake maalum, la sivyo rangi itabanduka kama ganda la yai. Msasa kati ya koti na koti, bila haraka.

Lipo na jambo la afya. Rangi nyingi za kisasa za kuchanganya na kigumishi zina kemikali za isosayaneti, na ukungu wake unapopulizwa unaweza kumletea fundi pumu ya kudumu. Zinahitaji barakoa ya kulishwa hewa safi. Kitambaa puani hakitoshi. Kijana anayepuliza gari lako bila kinga analipia urembo huo kwa mapafu yake. Enameli ya kawaida ya brashi haina kigumishi hicho wala haifanyi ukungu, ingawa nayo itakeni sehemu yenye hewa.

Tukiwa kwenye treni ya kurudi, mume wangu alitoa kalamu akaanza kuchora mlango kwenye tiketi: mstari kuzunguka jina, inchi moja kila upande. "Hapa unapita wewe na ile ndogo," akasema. "Mkono wako mwepesi." Sikumjibu. Nilichukua kalamu nikaandika idadi ya makopo.

Ukipenda kwenda, angalia kwanza kalenda yao, maana majira ya baridi makumbusho hufungwa. Beba koti, beba njaa, na usisahau kupanda kwenye roshani ya karakana, ambako wageni huona magari yakitengenezwa. Simameni pale wawili, muangalie mikono ya wanaofanya kazi. Mtaona hakuna anayeharakisha.