Ndoto Isiyosimuliwa

Mwaijua habari ya mfalme Nebukadreza, aliyewataka wenye hekima wa Babeli wafasiri ndoto yake, na ndoto yenyewe akakataa kuwasimulia. Wengine huiona habari hiyo ya ajabu. Bali sisi tuandikao programu za kompyuta twaiona kuwa ni kazi yetu ya kila siku.

Kila chombo kilichomo ndani ya kompyuta, kama kile kichoracho picha kwenye kioo, kina vijisanduku vya kutiwa namba, viitwavyo rejista. Ukitia namba ipasayo mahali pake, chombo hutenda. Ukikosea moja tu, hugoma kama punda. Basi mtengenezaji anacho kitabu kielezacho rejista hizo zote, lakini amekifungia kabatini.

Tulipata kumwandikia mmoja, kwa adabu zote, kuomba kitabu cha chombo tulichokwisha kukinunua kwa fedha yetu. Jibu likaja: kwanza tutie sahihi hati ya kutotoa siri, kisha tueleze twakusudia kununua vyombo elfu ngapi kwa mwaka. Tukajibu kwamba tunacho kimoja, nacho chatutosha. Hatukuandikiwa tena. Na hata vile vitabu vitolewavyo vina vituko: wafika penye rejista uliyoitafuta wiki nzima, wakuta maneno haya, “Imehifadhiwa, usiguse.” Nyingine yaeleza kwamba namba ya kuwasha kazi huiwasha kazi. Ahsante sana!

Zamani haikuwa hivi kwa wote. Mwaka 1981, IBM ilipoanza kuuza kompyuta yake ndogo iitwayo PC, iliuza pia kitabu chenye michoro ya nyaya zake, pamoja na maandishi kamili ya programu yake ya kuamshia mashine.

Lakini wenzetu wa Linux, ile programu kuu ambayo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu, walipotaka kuendesha kadi za picha za Nvidia hawakupewa kitabu. Wakafanya kama mtoto asikilizaye mlangoni: waliiacha programu ya kampuni iseme na kadi, nao wakaandika kila namba iliyopita, wakakisia maana yake. Kazi hiyo, iitwayo Nouveau, iliingia katika toleo la Linux la mwaka 2010. Mwaka 2012, huko Finland, Linus Torvalds aliyeianzisha Linux alisema mbele ya watu kwamba hawajapata kushughulika na kampuni mbaya kuliko hiyo, akainua kidole tusichoweza kukitaja katika gazeti hili.

Wauzaji husema siri yawazuia washindani. Sisi hatusadiki sana, maana mshindani tajiri ana mafundi na vyombo vya kuipasua kadi na kuichungulia. Azuiliwaye ni fundi maskini. Na mtengenezaji akichoka na chombo chake cha zamani, haandiki tena programu ya kukiendesha. Nacho, kizima kabisa, hutupwa jaani kwa kukosa ajuaye kusema nacho.

Mwaka 2022 Nvidia ilitoa hadharani sehemu ya programu yake. Tulifurahi, tukakimbilia kusoma. Kumbe mambo mengi yamehamishiwa katika programu nyingine, ikaayo ndani ya kadi yenyewe, na hiyo imefungwa. Tumefunguliwa mlango, ndani mna sanduku, na sanduku lina kufuli.