Bastola ya Mjomba na Skrubu Moja

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za kuandika programu zimenibana huku Homa Bay. Leo nina kisa cha mjomba wangu wa Migori, mstaafu anayeshindana kulenga shabaha kwa bastola ya .22. Leseni anayo, na hufyatulia katika uwanja ulioidhinishwa tu, Nairobi.

Majuzi alinipigia simu.

"Mpwa wangu, kila nikifyatua, mdomo wa bastola unaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Nimepata fundi wa kuchomelea hapa mjini, ataniwekea chuma chenye matundu pale mbele. Nimeshampa elfu mbili."

Jamani, nilishtuka! Kwa Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, biashara ya kutengeneza silaha ni ya waliosajiliwa. Mzee angepoteza leseni, pengine na uhuru wake. Tena chuma kikikaa kombo kidogo tu, risasi inaweza kukigonga.

"Mjomba, subiri kwanza. Tupime."

Hiyo ndiyo kanuni yetu sisi watu wa programu: ikienda polepole, usiguse kitu kabla hujapima inakwama wapi.

Kwa nini mdomo unaruka? Risasi ikienda mbele, bastola inasukumwa nyuma kwa mstari wa mtutu. Lakini mkono umeishika chini ya mstari huo. Msukumo uko juu, kizuizi kiko chini, basi bastola inazunguka. Kadiri mtutu unavyokuwa juu ya mkono, ndivyo unavyoruka zaidi.

Wasovieti walilijua hilo. Katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, ambayo Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza, walifika na bastola iliyopinduliwa, MTs-3, mtutu wake ukiwa chini, karibu sawa na mkono. Baadaye kanuni zikabadilishwa, ikapigwa marufuku. Siku hizi bastola ya mita 25 lazima ienee katika sanduku la milimita 300 kwa 150 kwa 50, isizidi gramu 1,400, na vyuma vya kuelekeza gesi haviruhusiwi. Mashindano ya mjomba hufuata kanuni hizo. Kumbe chuma cha fundi kingemtoa uwanjani hata kama polisi wasingejua! Na isitoshe, risasi ya .22 ina gesi kidogo, faida yenyewe ingekuwa ndogo.

Nikamwomba abandike karatasi nyeupe karibu na mdomo wa mtutu, mwenzake amrekodi kwa simu, fremu 240 kwa sekunde. Video ikaja kwa WhatsApp. Nikaandika programu fupi ya Python ya kufuata ile karatasi. Tangu mlio hadi mdomo kurudi mahali pake: fremu 84, yaani sekunde 0.35. Katika raundi ya risasi 5 kwa sekunde 4, huo ni muda mwingi mno.

Lakini video ilionyesha jambo jingine. Kila baada ya risasi, mkono wake uliteleza chini kidogo.

Jumamosi nikapanda matatu, Rodi Kopany, Rongo, hadi Migori. Mjomba akatoa bastola, akahakikisha mara mbili kwamba ni tupu, akaishika kama kawaida. Mpini wa bastola za aina hii una kibao cha kuegemeza kiganja, kinachopandishwa na kushushwa kwa skrubu. Chake kilikuwa chini kabisa, tangu siku aliyoinunua. Tulikipandisha mpaka mkono ukabanwa juu, karibu na mtutu. Kazi ya dakika mbili, na kiwanda chenyewe kimeiruhusu.

Wiki iliyofuata video mpya ikaja kutoka Nairobi. Fremu 62. Sekunde 0.26.

"Sasa mbuzi amefungwa," mjomba akaniambia.

Nikamuuliza habari za elfu mbili. Akacheka. Fundi alikataa kuzirudisha, ila alimchomelea komeo la banda la kuku. Nililiona nilipokwenda tena. Ni zuri, na halihitaji leseni.