Mstari Tulioufuta



Katika somo la kosmolojia, Padre alitupa mchoro wa mwanga wa nyota, tuseme ni ya kundi gani. Sisi mafrateri watatu tuliona kazi ni nyepesi: alama za heli zipo, nyota ina joto kali, basi ni kundi B. Lakini mstari mmoja wa hidrojeni, badala ya kuzama, ulipanda kama mnara. Tukasema ni kosa la chombo. Tukauchora umezama, tukakabidhi.

Padre aliuliza neno moja tu: “Mstari huu mmeufuta kwa nini?”

Ndipo akatusimulia habari za Padre Angelo Secchi, Mjesuiti, aliyezitazama nyota kutoka juu ya paa la kanisa la Mtakatifu Inyasi, Roma, na kuzipanga kwa makundi kufuatana na mwanga wake. Mwaka 1866 aliipima Gama ya Kassiopeia. Nyota nyeupe kama ile ilitarajiwa kuonyesha mistari meusi ya hidrojeni. Yeye akaona mstari unaong’aa. Mpango ulikuwa wake mwenyewe, ila hakuuficha mstari uliouharibu. Aliutangaza, na baadaye akaongeza kundi kwa nyota za namna hiyo.

Leo tunajua kuwa nyota hiyo huzunguka kwa kasi sana, nayo imezungukwa na sahani ya gesi inayotoa mwanga huo. Imebaki kundi B. Wataalamu huongeza herufi ndogo “e”. Katika miaka ya 1940 mistari hiyo ilitoweka kwa muda, kisha ikarudi.

Juma lile lile tulikuwa tumeandika maoni yetu kwa walezi juu ya frateri mwenzetu: mkimya, hachangamani, pengine hana wito. Tuliacha kutaja kwamba usiku ndiye aliyekesha na mgonjwa wetu wa malaria. Halikuingia katika kundi tulilokwisha kumpangia.

Tulimwendea mlezi, tukaomba karatasi, tukaandika na hilo. Uamuzi si wetu. Wetu ni kutokufuta.

Mwezi Novemba, baada ya sala ya usiku, tazameni kaskazini, chini karibu na upeo. Nyota tano zimekaa kama herufi M. Ya katikati ndiyo hiyo.