Mgeni wa Miguu Minne

Watu wengi hudhani kwamba kufuga mbwa huanza siku ile mbwa anapoingia uani. Mimi nami nalidhani hivyo, na kwa ajili ya dhana hiyo mtoto wa mbwa mmoja alikufa mikononi mwangu. Basi nataka kuwasimulia habari zake, na habari za yule aliyemfuata, ili ninyi mpate kujua kwa kusoma yale niliyoyajua mimi kwa kulia.

Nalizaliwa Marangu, katika mteremko wa mlima Kilimanjaro, mahali ambapo nyumba zimezungukwa na migomba na mibuni. Mwaka 1976 nalikuwa na umri wa miaka 11, nikisoma darasa la nne. Usiku fungo walikuwa wakituibia kuku, na katika shamba letu la mahindi, kule chini tambarare, tumbili walikuwa wakivuna kabla yetu. Kwa hiyo siku moja baba aliposema, "Nyumba hii yahitaji mbwa," moyo wangu ulijaa furaha.

Jirani yetu alikuwa na mbwa jike aliyezaa watoto watano. Kila nilipotoka shuleni nalipita kuwatazama, nikajichagulia mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kifuani. Nalikuwa na akiba ya shilingi 10, fedha niliyoipata kwa kukata majani ya ng'ombe wa watu. Siku ya gulio nikaingia dukani, nikaona ukanda wa shingoni wa ngozi, wenye bizimu ya shaba iliyong'aa sana. Nikatoa shilingi 8, nikaununua. Hizo mbili zilizobaki nikanunua peremende, nikazila njiani. Nikajiona nimekwisha kujiandaa.

Wale watoto wa mbwa walikuwa na majuma manne tu tangu kuzaliwa, na walikuwa wangali wakinyonya. Jirani akaniambia, "Mwache kwanza, bado ni mchanga." Lakini nalimsihi mpaka akachoka, nikamtia mtoto wa mbwa ndani ya shati langu, nikakimbia nyumbani.

Hapo ndipo nilipoona kwamba sina pa kumweka. Nikamlaza jikoni, juu ya sakafu ya udongo. Usiku kucha alilia akimtafuta mama yake na ndugu zake, kwa kuwa walizoea kulala wamelundikana pamoja na kupashana joto, na usiku wa mlimani una baridi kali. Asubuhi nikampa maziwa ya ng'ombe, bakuli tele, nikidhani namtendea hisani. Siku ya pili akaanza kuhara. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Alfajiri ya siku ya tano nalimkuta amekuwa wa baridi. Ule ukanda ulikuwa kando yake. Haukupata kumkaa shingoni hata mara moja, maana hata tundu lake la mwisho lilikuwa kubwa mno kwake.

Baba hakunipiga. Alichukua jembe, tukamzika chini ya mgomba, kisha akaniambia, "Mwanangu, ulimnunulia pambo, hukumnunulia uhai." Ukanda nikautundika kwenye msumari karibu na kitanda changu, na kila nilipoamka nikauona.

Mwaka mzima ukapita. Yule mbwa wa jirani akazaa tena, nami nikatamani tena, ila safari hii nalikuwa na hofu. Nikaenda kwa babu, aliyekuwa amefuga mbwa tangu ujana wake. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, mgeni huandaliwa kabla hajabisha hodi. Wewe umeandaa nini?" Nikanyamaza. Akasema, "Lete daftari." Yeye mwenyewe hakujua kusoma, lakini alinitajia vitu kimoja kimoja, nami nikaandika, kisha akanitaka nimsomee mpaka akaridhika.

Jambo la kwanza alilolitaja halinunuliwi kwa fedha, nalo ni subira. Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu, na macho yake hufumbuka baada ya majuma mawili hivi. Apata majuma manane kabla hajafaa kutengwa na mama yake. Katika siku hizo hula kidogo kidogo mpaka kuacha kunyonya, tena hucheza na ndugu zake na kujifunza kwao kwamba kuuma kwa nguvu kwaumiza. Mwenye kumchukua mapema humnyima chakula na mafundisho pia.

Jambo la pili ni mahali pa kulala. Nikapata sanduku kuukuu la mbao, nikalipasua upande mmoja liwe na mlango mdogo, nikaliweka juu ya mawe mawili lisiguse unyevu. Ndani yake nikatandika majani makavu ya mgomba, na juu ya majani gunia safi. Babu akaniambia nipeleke kipande kingine cha gunia kwa jirani, kilale pamoja na mama mbwa siku tatu, ili mtoto atakapokuja akute harufu ya kwao. Nalicheka kidogo, lakini nikafanya.

Jambo la tatu ni vyombo viwili, kimoja cha maji na kimoja cha chakula. Kile cha maji kiwe kizito kisipinduke, wala kisikauke mchana wala usiku. Nikachukua kibia cha udongo kwa maji, na sufuria iliyotoka mpini kwa chakula. Navyo havikuchanganywa na vyombo vya watu.

Jambo la nne ni chakula chenyewe. Mtoto wa mbwa ana tumbo dogo, kwa hiyo hula kidogo mara tatu au nne kwa siku, si mara moja kwa wingi. Nikaomba kwa mama unga na dagaa, nikapika ugali mlaini wenye mchuzi wa nyama usio na vitunguu. Maziwa ya ng'ombe nikayaacha, kwa kuwa yawaharisha wengi wao. Leo najua mengine ambayo babu hakunitajia: vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwa mbwa; mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali na kuchoma matumbo; na matumbo au maini mabichi ya wanyama waliochinjwa yaweza kumpa mbwa minyoo mibaya ambayo huwadhuru hata watu.

Jambo la tano ni ukanda, kamba na kitu cha kutafuna. Ukanda nilikuwa nao. Babu aliutoboa tundu jipya, akanionyesha kipimo chake: ukiisha kuufunga, vidole viwili vipite kati ya ukanda na shingo. Ukibana zaidi humkaba, ukilegea zaidi hutoka. Na kwa kuwa mtoto wa mbwa anayeota meno hutafuna kila kitu, nikafunga mafundo katika kitambaa kikuukuu, awe na chake cha kutafuna, aviache viatu vya baba.

Jambo la sita ni vyombo vya usafi, yaani koleo, ndoo na sabuni. Mavi ya mbwa yazikwe mbali na mahali watoto wanapocheza, na mwenye kumshika mbwa anawe mikono kabla ya kula.

Jambo la saba ni dawa. Na hapa, wasomaji wangu, ndipo nilipojaribiwa mara ya pili.

Safari hii akiba yangu ilikuwa shilingi 14. Babu alikuwa amesema, "Watoto wa mbwa huzaliwa na minyoo kutoka kwa mama yao. Kisha kuna ugonjwa wa kichaa, ambao kinga yake ni sindano tu. Nenda kwa bwana mifugo." Lakini ofisi ya bwana mifugo ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, na katika lile duka la gulioni palikuwa na kengele ndogo ya shaba ya kufunga kwenye ukanda. Nalisimama mbele yake kitambo kirefu. Nikajisemea, "Mbwa wetu hatembei mbali, kichaa atakipata wapi?" Kisha nikakumbuka ule msumari na ukanda, nikaondoka dukani bila kununua kitu.

Mtoto wa mbwa akaja akiwa na majuma manane kamili. Alilala juu ya kile kipande cha gunia, akalia kidogo tu, kisha akanyamaza. Nikamwita Simba. Bwana mifugo alinipa dawa ya minyoo, na Simba alipotimiza miezi mitatu nikampeleka tena kwa kamba, tukitoka alfajiri na kurudi alasiri. Akadungwa sindano ya kuzuia kichaa, nami nikapewa cheti kidogo cha karatasi, chenye tarehe na mhuri. Baba akakitia ndani ya bahasha pamoja na risiti za kahawa. Mimi nalikiona kuwa karatasi tu.

Simba alikuwa na miezi minane jioni ile mbwa mgeni alipopita kijijini kwetu. Mate yalimdondoka, alikwenda akiyumba, wala hakuogopa mawe. Alimuma mama yake Simba, akamwuma mtoto wa jirani mguuni, kisha akaingia uani kwetu akapigana na Simba, akamtia jeraha la sikio. Wanaume wakamwua kwa rungu penye njia.

Yule mtoto mama yake hakupoteza wakati. Alimpeleka kwenye mfereji, akaosha jeraha kwa sabuni na maji yapitayo, muda mrefu, ingawa mtoto alipiga kelele. Kisha wakampeleka hospitali usiku uo huo, akaanza kudungwa sindano, akarudishwa kudungwa siku nyingi. Akapona, na leo ana wajukuu.

Kesho yake watu sita wakaja kwetu na mapanga, na balozi wa nyumba kumi mbele yao. Walikwisha kumwua mama yake Simba. Balozi akasema, "Mzee, tusameheane. Mbwa wote walioumwa wauawe. Hatuwezi kungoja mtoto mwingine aumwe." Nami nalijua kwamba asema kweli, kwa kuwa kichaa kikiisha kuonekana, si mbwa wala mtu, mwenye nacho hufa. Nikamkumbatia Simba, nikakosa neno.

Baba akaingia ndani, akatoka na ile bahasha. Akatafuta kati ya risiti, akatoa cheti, akampa balozi kwa mikono miwili. Balozi akakisoma polepole, akatazama mhuri, akawaonyesha wenziwe. Kisha akasema, "Huyu ana kinga. Mfungeni, nasi tutamwuliza bwana mifugo." Bwana mifugo akaja siku ile ile, akamdunga Simba mara ya pili, akaamuru afungwe uani siku 45, asiguswe na watoto. Nalihesabu siku hizo kwa mistari ya makaa ukutani. Siku ya 45 alikula chakula chake, akatikisa mkia. Aliishi miaka 11 baada ya hapo.

Tangu siku hizo nimejifunza zaidi. Kinga ya kichaa kwa watu ilijaribiwa mwaka 1885 mjini Paris, pale Louis Pasteur alipomponya Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa. Hata hivyo ugonjwa huu waua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa mbwa. Wala si kichaa peke yake. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, ambao nao una chanjo, uliwafikia simba wa Serengeti, ukawaua karibu theluthi yao. Tazameni basi: mbwa mdogo wa kijijini asiyetunzwa aweza kuwa hatari kwa mtoto, na hata kwa mfalme wa nyika.

Nanyi mkitaka kuleta mtoto wa mbwa nyumbani, andikeni kwanza katika daftari, kama nilivyoandikishwa mimi: subira ya majuma manane, kitanda kikavu, chombo cha maji na cha chakula, chakula kinachomfaa, ukanda wa kipimo na kitu cha kutafuna, koleo na sabuni, dawa ya minyoo na chanjo. Ulizeni kwa daktari wa mifugo ni chanjo zipi na siku zipi, maana chanjo nyingine hutolewa kabla ya ile ya kichaa, na ya kichaa hurudiwa. Fedha ikipungua, punguzeni pambo, msipunguze dawa.

Ule ukanda ningali nao. Ngozi imepasuka na shaba imefifia. Lakini cheti nimekihifadhi vizuri zaidi kuliko ukanda, kwa kuwa katika vitu vyote nilivyomwekea Simba, hicho ndicho kilichokuwa chepesi kuliko vyote, na ndicho kilichosimama kati yake na mapanga.